Duara Lisilo na Jina

Mwanangu Somoe,

Salamu sikupi, maana umelala chumba cha pili hapo na nakusikia unavyokoroma. Usibishe. Shangazi yako Tatu anasema ni mashine ya kukoboa mpunga, mie nasema ni wewe. Tunabishana kwa sauti ya chini tusikuamshe.

Mambo ya sabuni, ya kufunga pesa kwenye pindo la kanga, ya kutokula vya watu garini, shangazi yako kakwambia tangu magharibi na nadhani hata ndotoni anaendelea. Siyarudii. Mie nimekaa na koroboi na hii kalamu yako, naandika kwa mwandiko wa kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu aliutazama siku ya kwanza akasema, "Hizi ni nyayo za kaa." Nikamjibu, kaa hajasoma lakini hajapotea shimo lake hata siku moja. Akanitoa nje. Katika wote waliowahi kutolewa nje ya darasa lile, hakuna aliyetoka kwa heshima kama mie.

Nakuandikia kwa neno moja ulilolisema leo tukiwa tunakula.

Ulikuwa unatueleza kazi unayokwenda kuianza huko Dar. Ukasema, "Ofisi imepata michoro ya zamani ya delta, ile ya wakati wa wawekezaji wa kufuga kamba. Wanataka kuchimba tena mabwawa na mifereji. Mimi nitaufungua mchoro kwenye kompyuta, niingize chini yake picha mpya ya setilaiti, halafu niusafishe."

Shangazi yako akauliza, "Mchoro unasafishwa kwa ufagio?"

"Nafuta vitu visivyo na maana, shangazi. Mistari iliyopotea. Maduara yasiyo na jina. Maana kilichozungushiwa duara hakichimbwi, sasa ukiacha duara la bure unawanyima watu eneo."

Tonge likanikaa kooni. Ukanigonga mgongoni ukicheka, "Pilipili hiyo, baba." Haikuwa pilipili, mwanangu.

Katika mchoro huo kuna duara moja lisilo na jina. Liko ndani ya mikoko, upande wa Maparoni, kusini kidogo ya ule mchanga mweupe wa makaburi. Usilifute. Ningekuwa mtu mwingine ningeandika hivyo tu nikalale. Lakini mie nikikwambia usifute bila kisa, utasema mzee kaanza. Na nikikupa kisa, utasema mzee kaanza. Hapo ndipo nilipojifikisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Mtu aliyewaambia watoto wa Mtunda nzima kwamba aliwahi kulala juu ya mgongo wa kiboko akidhani ni fungu la mchanga, akaamkia mto mwingine, mtu huyo siku akiwa na la kweli anafanyaje nalo?

Mie nimekaa nalo. Sasa sikiliza.

Mama yako Mwanahawa unamjua kwa picha moja ya studio na kwa kaburi lake pale mchanga mweupe, ambalo unajua na kila mtu anajua kuwa halina mtu ndani. Shehe hakulitaka kaburi lile. Bibi yako mzaa mama alimwambia, "Shehe, mie nataka pa kukaa nikimlilia mwanangu, wewe kama hutaki usije." Likachimbwa.

Jinsi mama yako alivyopotea pia umesimuliwa, na waliokusimulia hawakunionea. Tulikuwa na mpunga kisiwani, na dungu letu, kibanda juu ya miti, tukilala humo wakati wa kuamia ndege wasile mpunga. Mwaka ule mto ulikuja na maji ya bara, na bamvua ya bahari, yale maji makubwa ya mwezi, ikaja kukutana nayo. Watu wakaanza kuhama. Mie nikasimama kwenye ngazi ya dungu nikawatangazia, "Maji haya hayafiki hapa! Maji haya yananiogopa mie!" Wakacheka wakaendelea kufunga mizigo. Wewe ulikuwa unachemka homa, nikakupakia mtumbwini nikakuleta kwa shangazi yako huku juu. Mama yako akabaki kulinda mpunga. Nilimuuliza kama anaogopa, akasema, "Si umesema hayafiki?"

Kisiwa kizima walikuwa wameshajifunza kutoniamini, wakapona. Aliyekuwa bado ananiamini alikuwa mmoja.

Niliporudi palikuwa na maji matupu. Hata nguzo hakuna. Hata ngazi.

Baada ya hapo niliendelea kupiga porojo, tena zaidi. Usishangae. Mtu mwenye kidonda mguuni ndiye anayecheza ngoma kwa nguvu ili watu watazame mikono.

Sasa njoo kwenye miaka ile ya soko huria, wewe uko shule ya msingi na unaogopa vyura. (Unaogopa mpaka leo. Huko Dar wako wakubwa zaidi.) Wawekezaji wakaja wanataka kufuga kamba. Wakapanga nyumba Kibiti, jirani na soko, wakaweka jenereta nyuma na kompyuta sebuleni. Wakauliza nani anaijua delta. Unadhani nani alijibu kabla swali halijaisha? Nikawaambia hakuna mto mdogo huko ambao haujanipa shikamoo. Wakanichukua niwe mwongozaji, na posho, na kofia.

Mwenye kompyuta alikuwa fundi wa kuchora, kijana wa milimani kusini, jina lake Gaudensi. Suruali ya jinzi ya mitumba, mpole, haogopi kitu isipokuwa papasi. Siku moja mchana akaniita ndani. "Mzee, njoo uione nyumbani kwenu."

Nikakaa. Kioo kilikuwa cheusi tii, na juu ya weusi ule mistari myembamba myeupe. Huu mto, huu mpaka, hizi nambari za wapima ardhi. Wewe umeuzoea, unaona mchoro. Mie niliona nchi iliyozimwa. Kama mtu kazitoa nyama zote za dunia akaacha mishipa, na mishipa inang'aa gizani. Wala haikuwa na mlio, jenereta tu huko nyuma inanguruma.

"Sasa naingiza picha," Gaudensi akasema. Akabofya kile kidude chenu chenye mkia.

Kikatokea kitu kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, huko pembeni kabisa, mbali na mistari.

"Mbona imekaa kule?"

"Picha haijui iko wapi, mzee. Inaingia hivyohivyo imepotea. Lazima uiambie."

Somoe, wewe ulisoma maneno hayo darasani ukayaandika kwenye daftari. Mie yaliniingia mgongoni. Maana alisema kama mtu anayesema habari ya mgonjwa.

Akaniuliza gati liko wapi, na mto unagawanyika wapi. Alikuwa navyo kwenye mistari, akavitafuta kwenye picha, akaviambatanisha. Akaivuta, akaizungusha, akaikuza, nayo ikawa inakuja polepole, inakuja, kama maiti inayovutwa kwa miguu, mpaka ikalala chini ya ile mistari. Ikatulia. Ikawa ndiyo delta yetu, mto kwa mto. Ila nyekundu. Yote. Mikoko yote nyekundu, na maji meusi yamepita katikati.

Nikamwambia, "Bwana mdogo, hiyo ni damu."

Akacheka. "Ni majani, mzee. Setilaiti hii inaona majani mabichi kuwa mekundu. Kila kilicho hai, chekundu."

"Na kilichokufa?"

"Kijivu hivi."

"Na watu?"

"Watu hawaonekani. Wadogo mno."

Halafu akasema tajiri kaamuru makaburi yazungushiwe duara, tingatinga lisije likafukua wazee wa watu. "Nionyeshe makaburi ya kisiwani."

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Kaburi halinyooshewi kidole. Ukinyoosha, kidole kinapinda, na mtoto aliyejisahau anaking'ata haraka kabla hakijapinda. Kaburi unalionyesha kwa ngumi. Basi nikakunja ngumi nikaiweka kwenye kioo. "Hapo."

"Hapo wapi? Umeziba nusu ya wilaya."

"Hapo kwenye ngumi."

"Mzee, nyoosha kidole."

"Sinyooshi."

"Jamani! Haya ni makaburi ya kwenye kioo!"

"Kaburi ni kaburi. Kidole chako wewe kikipinda utabofya na nini?"

Alicheka mpaka akashika meza. Lakini mie nilikuwa sicheki, maana kioo kile kilikuwa kinavuta. Unajua vile vioo vya zamani, ukisogeza mkono vinywele vinasimama vyenyewe. Vilinisimama mpaka begani. Nilikuwa nimekusudia mchanga mweupe, niliuona pale, alama nyeupe safi. Ngumi yangu haikutua hapo. Ilitua chini yake. Wallahi sikuishusha. Na kabla sijaiondoa niliona, pembeni ya kifundo cha kidole, katikati ya wekundu wote ule, doa la kijivu.

Gaudensi naye akaliona. "Ahaa. Hapa pana uwazi." Akalizungushia duara. Nami sikumsahihisha. Nilinyamaza, mie! Angekuwepo shangazi yako angeniitia daktari.

Jenereta ikazimika. Kioo kikaenda giza kikaacha nukta moja nyeupe katikati, ikakaa, ikakaa, ndipo ikafa.

Siku waliyopanga tukaenda kupigilia vigingi kuzunguka duara. Mie nyuma nasukuma mtumbwi kwa pondo, Gaudensi mbele na kile kidude chake cha mkononi kinachozungumza na setilaiti. Yalikuwa maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, jua la utosini. Nilitaka kumwambia njiani kwamba duara lake limekaa pabaya, huko hakuna makaburi, ni matope na mikoko ya mikomafi tu. Nikasema moyoni, acha afike mwenyewe, nitapata kisa cha kusimulia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Nilikuwa nakwenda kuvuna kichekesho.

Tukaingia kimto ambacho sikukijua.

Soma tena hapo. Mie, niliyepewa shikamoo na mito yote. Sikumwambia. Nilikaza uso nikasukuma pondo kama ninayekwenda dukani. Kidude kikawa kinalia, kinalia, kikanyamaza. Tukashuka. Gaudensi akatia mguu mmoja matopeni, buti likabaki huko huko, ukaja mguu na soksi tu. Nikafungua mdomo nimcheke, ndipo nikasikia.

Nikasikia hakuna kitu. Wewe hukukulia huko, lakini matope ya mikoko hayanyamazi. Yanatatarika mchana kutwa kama mafuta kikaangoni, vikamba na kaa na mapovu. Pale palikuwa kimya. Hakuna kaa hata mmoja. Hakuna shimo la kaa. Mikomafi imesimama mikavu, ya kijivu, imezunguka mahali kama watu waliokuja kuzika wakasahau kuondoka.

Katikati yake lilikuwepo dungu.

Limekaa sawasawa, halijainama. Lilivyobebwa na maji ndivyo lilivyowekwa chini, na limeelekea kibla. Mafundo ya kamba yalikuwa yangu. Mie nafunga kamba kwa kuzidisha mzunguko mmoja wa bure, kwa maringo tu, kila mtu kisiwani alikuwa akinicheka. Niliyatambua kabla sijatambua kingine.

Gaudensi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hawa ni nani?" Aliuliza hivyo, "hawa". Sijui aliwaona wangapi. Nilimwambia akae palepale.

Nikapanda peke yangu. Mkeka umeoza, matope yamejaa juu ya ubao kama unga kwenye ungo. Yote sitakueleza. Kinachobaki cha mtu ni kidogo, nacho kilikuwa kimelala vizuri, kiubavu, kama anayelala. Pembeni kulikuwa na mafiga matatu na majivu. Mahali pale bahari inapanda na kushuka kila siku ya Mungu, Somoe. Nilitia kidole kwenye majivu. Yalikuwa makavu. Nikisema yalikuwa na uvuguvugu utasema mzee kaanza. Basi sisemi. Makavu.

Utaniuliza nilijuaje kuwa ni yeye. Dungu linaweza kuokotwa na mtu mwingine, kamba inaweza kuigwa. Haya, funika uso. Baba hamtajii bintiye shanga za kiunoni za mama yake, najua, na shangazi yako akipita hapa akasoma atanitoa nje na koroboi yangu. Lakini usiku huu nazitaja. Zilikuwa nyekundu na nyeupe. Uzi ulikatika wakati maduka yote matupu, huoni shanga, huoni sukari, huoni hata kiberiti, akalia kwamba imepotea punje moja na mpango umeharibika. Mie nikaenda nikachomoa punje kwenye tasbihi yangu, ya mti mweusi, nikamtungia. Akasema, "Utachomwa moto wewe." Akaivaa.

Ile tasbihi unayoicheka kila Ramadhani kwamba imepungua moja, ndiyo hiyo. Na kila mwaka nilikupa uongo mpya. Mara kaila panya, mara nimemkopesha shehe. Punje niliiona pale, katikati ya nyekundu na nyeupe, nyeusi, inang'aa kama iliyofutwa asubuhi ile.

Nilitaka kumbeba nimpeleke kwenye kaburi lake linalomsubiri. Nikamwita Gaudensi, tukashika ubao. Haukuinuka. Wanaume wawili, ubao uliooza. Na tulipouachia, maji yakaanza kujaa. Wakati wake ulikuwa bado, na yalikuwa maji mafu, lakini yalikuja, hayana wimbi wala sauti, yanapanda kwenye mizizi kama mtu anayejivuta shuka. Gaudensi akasema, "Mzee, yatafika hapa?"

Nilikuwa nimeshawahi kuyasemea maji. Safari hii sikusema kitu.

Nikamfunika kwa matope kwa mikono yangu na majani ya mkomafi juu. Nikasoma nilichokijua. Gaudensi ni Mkristo, akavua kofia akageuka akatazama mtoni mpaka nilipomaliza. Vigingi hatukupigilia.

Tuliporudi Kibiti akawasha kompyuta, nami nimesimama nyuma yake na matope yangu. Akafungua mchoro. Duara lipo. Ndani yake pekundu tupu. Doa la kijivu halipo.

Akasogeza uso. Akakuza, akakuza mpaka picha ikawa vipande kama vigae. Vyote vyekundu. Akanitazama, akatazama ngumi yangu, akafuta kioo kwa kiganja. "Lilikuwa vumbi, mzee," akasema. "Vumbi la Kibiti juu ya kioo. Ngumi yako imelifuta. Nimezungushia vumbi."

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Nilifute?"

"Usilifute."

"Niandike nini?"

Hapo ndipo ningesema jina. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikafikiri, nikilisema litatoka hapa litafika sokoni, na sokoni watasema, sikilizeni, yule mwenye kiboko kampata na mkewe. Watacheka. Wataniuliza umejuaje, na nijibu nini? Niwatajie wanaume kijiweni shanga za mke wangu? Jambo moja la kweli nimepewa maishani, na ushahidi wake ni kitu ambacho mwanamume haonyeshi. Nikamwambia, "Usiandike kitu." Akachora duara la pili kwenye mchanga mweupe, lile akaliandika MAKABURI, kwa herufi kubwa. La mama yako akaliacha hivyohivyo.

Baadaye mambo ya wawekezaji yakaharibika, wakafunga mizigo. Siku Gaudensi anaondoka alihamishia mchoro kwenye kompyuta nyingine, akaniita niuage. Mistari yote ipo. Lakini picha ile nyekundu haikuwepo. Palikuwa na fremu tupu ya mstari mmoja, na ndani yake jina la picha limeandikwa.

"Picha iko wapi?"

"Imebaki kule. Mchoro haubebi picha, mzee. Unakumbuka tu ilikuwa wapi."

Nikaliona kaburi la mchanga mweupe. Fremu tupu na jina ndani. Bibi yako amekaa pembeni yake miaka yote analia kwenye fremu. Na kusini yake duara, lenyewe, lina mtu na halina jina.

Sasa nakwambia lililonikalisha hapa mpaka mafuta ya koroboi yanaisha. Nimerudi kule. Sijui mara ngapi, kila nilipoaga kwamba nakwenda kuvua. Umeona nilivyokuwa narudi bila samaki nikasema wamenikimbia kwa kuniheshimu. Nilikuwa natafuta kile kimto. Sijakiona tena. Mikomafi yote mibichi, kaa tele, matope yanatatarika. Mie mwenyewe sijui alipo. Ndugu zake hawajui. Gaudensi simjui aliko. Kinachojua ni lile duara, na kesho kutwa kipanya cha kompyuta kiko mkononi mwako.

Picha yenu mpya mmesema ni safi, inaonyesha hata mtumbwi. Utaiingiza, nayo itaingia imepotea kama ile, utaiambia iko wapi, itakuja kulala. Utatazama ndani ya duara utaona mikoko mizuri tu. Utasema, kosa la mtu wa zamani. Na litakuwa kosa kweli. Ni ngumi ya mshamba juu ya vumbi. Wakubwa wako wakikuuliza duara la nini, waambie ni la baba yangu, mzee muongo wa Mtunda, alimdanganya fundi. Hilo wataliamini bila shida. Uongo wangu umekula watu, acha mara moja ulinde mtu.

Jina ukitaka kuliandika, liandike. Mie nililinyima kwa kuogopa kuchekwa, na mtu aliyeishi kwa kuchekesha watu akaogopa kuchekwa, hicho nacho ni kichekesho, utakapokuwa na nafasi ukicheke.

Tasbihi nimeitia kwenye begi lako, chini ya zile kanga. Ihesabu ukifika.

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea. Mstari mnene ni mto. Pale panapogawanyika panajulikana. Kijumba ni gati, usicheke paa lake. Nukta nyingi ni mchanga mweupe. Halafu chini yake utaona alama nyeusi ya kidole. Usidhani nimeweka dole gumba kama wale wasiojua kuandika, jina langu naliandika mie, tena kwa madoido. Nimechukua masizi ya koroboi nikakitia kidole cha shahada, kidole chenyewe, nikakinyoosha, nikakiweka hapo alipo mama yako. Sikukunja ngumi. Wala sikuking'ata baadaye.

Asubuhi ukija kuniaga nitakupa mkono. Utazame. Kama kidole kimepinda, cheka kwanza, ndipo ulie.

Mimi mwenye mito yote isipokuwa mmoja,
baba yako.